Naomba ushauri: wagombea wote wawili wamevunja kanuni za kampeni, na uchaguzi wa tawi letu umebaki siku tisa

Mwana wa Ngamiani

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni katibu wa kamati ya uchaguzi ya tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja nje kidogo ya jiji letu la Tanga. Kiwanda sitakitaja, na chama vilevile, kwa sababu ninatafuta njia ya kutoka hapa tulipo na sina nia ya kumchafua mtu. Tawi lina wanachama 240 wanaofanya kazi kwa zamu tatu. Wagombea wa uenyekiti ni wawili: mwenyekiti anayemaliza muda wake, na fundi wa karakana anayegombea kwa mara ya kwanza.

Baada ya majina kupitishwa, kamati yetu ya watu watano iliwaita wagombea wote wawili, tukakubaliana kwa mdomo kwamba kampeni itakuwa ya siku kumi, mabango yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chama pekee, hakuna atakayetumia mali ya chama wala ya mwajiri, na hakuna atakayewagawia wapiga kura kitu chochote. Siku ya tatu tu tukapokea malalamiko mawili. Fundi analalamika kwamba mwenyekiti amewatumia wanachama wote ujumbe wa simu wa kuomba kura, kwa namba zilizomo katika daftari la wanachama analolishika kwa cheo chake, na kwamba msimamizi wa zamu ya asubuhi alimpa dakika kumi za kuzungumza kwenye kikao cha usalama kabla mashine hazijawashwa. Mwenyekiti naye analalamika kwamba wafuasi wa fundi wamegawa leso kwa akina mama wa idara ya ufungashaji na kuwalipia watu chakula kwa mama lishe aliye nje ya geti. Hayo yote yametokea kweli na hakuna anayeyakana, ila kila mmoja anasema kosa la mwenzake ndilo kubwa.

Wajumbe wawili wa kamati wanataka wagombea wote waenguliwe na fomu zitolewe upya. Wengine wawili wanataka tusubiri kura ipigwe, atakayeshindwa akate rufaa. Imebaki kura yangu. Je, tuna mamlaka ya kumwengua mtu kwa kuvunja makubaliano ya mdomo? Na tukishindwa sisi, shauri hili linapelekwa wapi?

Mzee wa Gati

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nilifanya kazi bandarini kwa miaka mingi na nimekaa kwenye kamati kama hiyo yako mara tatu, kwa hiyo ninazungumza kwa yale niliyoyaona.

Kabla ya kuuliza nani amekosa, fungueni katiba ya chama na kanuni za uchaguzi zilizotungwa chini yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka katiba ya kila chama iwe na utaratibu wa kuteua na kuchagua viongozi, na kamati ya tawi haina mamlaka mengine zaidi ya yale iliyopewa humo. Kama hamkuti mahali palipoandikwa kwamba kamati inaweza kumwengua mgombea kwa kosa la kampeni, basi hamuwezi kumwengua, hata mkikubaliana nyote watano. Makubaliano ya mdomo, tena yaliyofanyika baada ya watu kurudisha fomu, yanaweza kuwapa haki ya kukemea na kusimamisha, lakini hayawezi kumnyima mwanachama haki ya kugombea aliyopewa na katiba.

Wale wanaotaka msubiri rufaa nao siwaungi mkono. Kasoro ya kampeni inatibika kabla ya kura. Baada ya kura hakuna anayeweza kuthibitisha ni watu wangapi walibadilishwa mawazo na dakika kumi zile, na hapo mtagombana miezi sita huku mwajiri akijadiliana na tawi lisilo na kiongozi. Ninyi sawazisheni. Ujumbe ulikwenda kwa wanachama 240, basi kamati itume ujumbe wa fundi kwa namba zilezile, wenye urefu uleule, kisha daftari likabidhiwe kwa kamati mpaka uchaguzi uishe.

Pwani Moja

Kwa maoni yangu msipoteze muda. Pelekeni malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au mwombeni meneja rasilimali watu awaite wagombea wote awaonye, kwa sababu kiwanda ni chake.

Wakili wa Chumbageni

Ndugu Pwani Moja, ninaheshimu mchango wako, lakini njia zote mbili zitamponza katibu. Kazi ya Tume ni migogoro ya mfanyakazi au chama dhidi ya mwajiri. Mgogoro wa wanachama wenyewe juu ya uchaguzi wao unaongozwa na kifungu cha 53 cha Sheria ile ile ya mwaka 2004. Kifungu hicho kinasema kwamba chama kinaposhindwa kufuata katiba yake, Msajili, yaani ofisa wa serikali anayesajili vyama hivi, au mwanachama anaweza kuiomba Mahakama ya Kazi itoe amri inayofaa, ikiwemo ya kutengua uchaguzi, au ya kukitaka chama kirekebishe pale kilipokosea. Hata hivyo, kabla ya kusikiliza maombi hayo, Mahakama itajiridhisha kwanza kwamba taratibu za ndani ya chama zimemalizika, au kwamba ni kwa manufaa ya chama shauri lisikilizwe ingawa hazijamalizika. Kwa hiyo ngazi ya kwanza ni kamati yenu, kisha vikao vya juu vya chama kama katiba ilivyovitaja, na mahakama huja mwishoni. Mtu akienda huko leo atarudishwa kwenu, na atakaporudi atataka kuona mliandika nini.

Kumwita meneja awe mwamuzi ndilo kosa zito zaidi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 87 wa mwaka 1948 unawapa wafanyakazi haki ya kuchagua wawakilishi wao kwa uhuru kamili, na ule wa namba 98 wa mwaka 1949 unavikinga vyama vyao dhidi ya kuingiliwa na waajiri. Kwa kipimo hicho, katika makosa yote yaliyotajwa, mimi naona dakika kumi za msimamizi wa zamu ndizo zinazotisha zaidi, ingawa leso ndizo zinazozungumzwa, kwa sababu mwanachama aliyesimama kwenye kikao kile alisikia kwamba mwajiri anamtaka nani. Mwandikieni mwajiri barua fupi ya heshima, mkiomba wasimamizi wasimpe mgombea yeyote nafasi kwenye vikao vya kazi, na badala yake mkutano mmoja wa wagombea wote ufanyike mahali na wakati usiovuruga uzalishaji. Sheria inakiruhusu chama kufanya mkutano wa wafanyakazi kazini kwa masharti ya namna hiyo.

Dada wa Zamu ya Usiku

Ninaomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Mnazungumzia kikao cha asubuhi, lakini sisi tunaoingia saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi kwa kawaida hatumsikii mgombea yeyote, na hakuna kamati inayolihesabu hilo kuwa ni kosa la kampeni. Kaka Mwana wa Ngamiani, ukimpa fundi dakika kumi kwa zamu ya asubuhi utakuwa umesawazisha wagombea, lakini wapiga kura wa zamu nyingine bado hawajatendewa haki.

Kuhusu leso, ninawasihi msiwaite wale akina mama kikaoni mmoja mmoja kuulizwa nani alipokea. Mnunuzi aulizwe, aliyepokea aachwe. Mimi ni mwakilishi wa wanawake katika tawi letu, na nimeona mwanamke akiacha kabisa kuhudhuria mikutano kwa sababu jina lake lilisomwa mbele za watu kwa kipande cha kitambaa. Ninajua wapo watakaosema takrima ni ukarimu wa Kipwani. Hoja ya takrima ilikwishafika Mahakama Kuu katika sheria ya uchaguzi wa nchi, na mwaka 2006 vifungu vilivyoiruhusu vilibatilishwa. Uchaguzi wa tawi ni jambo jingine kisheria, lakini sababu ni ileile: asiye na fedha ya kununua leso anagombea akiwa tayari ameachwa nyuma.

Mwana wa Ngamiani

Ninawashukuru sana. Nimeisoma katiba yote usiku wa jana, na Mzee amesema kweli: hakuna mahali kamati ilipopewa uwezo wa kumwengua mgombea kwa kosa la kampeni. Inaruhusiwa kupokea malalamiko, kuyasikiliza na kutoa maelekezo, basi.

Lipo jambo sikulisema mwanzoni, na limenikosesha usingizi. Yule fundi ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu. Wajumbe wenzangu wanalijua, mwenyekiti naye analijua, na mpaka sasa hakuna aliyelitaja. Nifanyeje?

Mzee wa Gati

Mwanangu, litaje wewe kabla hawajalitaja wao, kisha utoke chumbani. Ukibaki, uamuzi hata ukiwa wa haki utaitwa wa shemeji. Vijana wengi hawajui kwamba chama cha wafanyakazi kilipokuwa kimoja tu nchini, kuanzia mwaka 1964, katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Haki ya kujichagulia tuliingoja muda mrefu, na sipendi kuona inaharibiwa na mtu mwema aliyeona haya kusema neno moja.

Wakili wa Chumbageni

Ninakubaliana na Mzee. Tangaza maslahi yako kwa maandishi na yaingie kwenye muhtasari. Kwa kuwa watabaki wanne waliogawanyika wawili kwa wawili, iombeni ofisi ya chama ya mkoa ilete mjumbe mmoja wa kusikiliza shauri hili pekee, na wagombea wote wawili wasaini kwamba wamemkubali. Kila upande upewe nakala ya malalamiko ya mwenzake siku moja kabla, usikilizwe mbele ya mwenzake, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake na njia ya kukata rufaa.

Mwana wa Ngamiani

Ninarudi kutoa taarifa. Nilijitoa, mkoa ukaleta mama mmoja mtu mzima asiyefahamiana na pande zote mbili, na shauri likasikilizwa juzi kwa saa tatu. Hakuna aliyeenguliwa. Daftari liko mikononi mwa kamati, na ujumbe wa fundi umetumwa jana kwa wanachama wote. Fundi amekiri kwa maandishi kwamba leso na chakula vililipiwa na watu wake, na tangazo limebandikwa ubaoni likisema kwamba waliopokea hawadaiwi kitu na kwamba kura ni ya siri. Mwajiri amekubali mikutano mitatu ya dakika thelathini, mmoja kwa kila zamu, wagombea wote wakiwepo, na ule wa usiku ndio utakaoanza. Mwenyekiti hakufurahia kunyang'anywa daftari, lakini amesaini.

Sanduku la kura litafunguliwa saa 11 na nusu alfajiri na kufungwa saa 4 na nusu usiku, ili zamu zote tatu zipate kupiga kura wakati wa kuingia au kutoka. Karatasi za kura zitahifadhiwa kwa miezi mitatu kama sheria inavyotaka, katika ofisi ya mkoa, kwa kuwa kabati la tawi letu halina kufuli.

Dada wa Zamu ya Usiku

Kaka, mikutano hiyo mitatu imeniliwaza. Hakikisheni tu kwamba kabla ya mpiga kura wa kwanza, mawakala wa pande zote mbili wameliona sanduku likiwa tupu, kwa maana saa hiyo ya alfajiri watu huwa wachache na wamechoka.