Naomba ushauri, tunaombea tu au niripoti?

Wapendwa bwana asifiwe, naombeni ushauri maana usingizi sipati. Jirani yangu hapa Mbagala anaishi na binti wa kazi, mtoto kabisa sidhani kama amefika 13, na anampiga sana. Jumanne alikuja kwangu kuchota maji, akaushika mpini wa ndoo kwa vidole viwili tu, kumwangalia kiganja kimevimba na kuna alama ya waya mpaka kwenye kiwiko, nikamuuliza akasema ameanguka huku anaangalia mlango wa kwao.

Sasa shida ni kwamba huyo mama tunasali naye. Nimewaambia wenzangu wa kikundi cha maombi, wamesema tufunge siku 3 tumkemee shetani na tusiaibishe kanisa. Nimefunga na nimeomba kwa machozi kweli, maombi nayaamini jamani, lakini usiku nikamsikia tena analia. Halafu nikamkumbuka Nehemia, yule aliomba NA akaweka walinzi, hakuchagua kimoja.

Najua kuna namba 116 ya watoto ni bure, dawati la jinsia na watoto polisi lipo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka wanajamii tutoe taarifa. Ninachoogopa ni binti kurudishwa humohumo apigwe zaidi. Aliyewahi kuripoti, ulianzia kwa mtendaji wa mtaa, ustawi wa jamii au polisi moja kwa moja? Na mchungaji nimwambie kabla au baada?