MJADALA: TB ya wanaapolo wa Mererani, nani alipe?

Wakuu, kila Machi 24, Siku ya TB Duniani, wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanite, wanahubiriwa yale yale: vaeni barakoa, punguzeni pombe, wahini kupima. Wakiugua tunasema ni wabishi. Mimi nasema aulizwe mwenye leseni ya mgodi kwanza.

Mashine ya kuchoronga (kutoboa) mwamba ikitiwa maji, vumbi hutulia. Ila Simanjiro, wilaya yenye Mererani, ni kukavu na maji ni pesa, kwa hiyo mwamba unachorongwa mkavu na mchorongaji anatoka kajaa unga hadi kwenye kope. Vumbi hilo la silika, madini yaliyomo kwenye mwamba, huua mapafuni zile chembe za kinga zinazomeza vimelea. Dawa za TB ni bure na mtu anapona, lakini makovu ya silika hayana tiba, na TB inaweza kumrudia hata akiwa ameshaacha mgodi.

"Si aache kazi?" Aache ale nini? Wengi hawana mshahara. Wana chakula, posho ya kuungaunga, na mgao siku mawe yakitoka. Ukienda kulazwa hospitali ya Kibong'oto halafu mawe yakatoka, imekula kwako. Tangu mchimbaji mdogo Saniniu Laizer auze mawe mawili ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.7, Juni 2020, nani anataka kuwa wodini siku hiyo? Hata Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa kwa hesabu ya mshahara. Asiye na mshahara wala mkataba anaingilia wapi?

Serikali iliyojenga ukuta wa kilomita 24 kuzunguka migodi ya Mererani ili mawe yasitoroshwe haishindwi kudai maji kabla ya kuhuisha leseni.

— Mkuu, hujawahi kuendesha mgodi wewe. Mwenye leseni ndogo naye anabahatisha. Miaka inakatika hajaona jiwe, baruti anakopa, na watu anawalisha. Mbane, afunge, vijana warudi mtaani. Mtaani hakuna TB?

— Ipo, tena kwenye chumba kimoja cha watu sita. Hoja ya mtaji naikubali. Lakini kila jiwe linakatwa mrabaha wa serikali wa asilimia 6. Sehemu yake ilipie maboza ya maji.

— Boza litaishia juu, kaka. Kuyashusha maji chini ni kazi ya nani? Na mtu anayeishi kwa mgao, mwamba ukianza kuonyesha dalili za mawe, atasubiri ndoo ya maji?