Viti maalum: tuvibakishe au tuvifute?

Msomi wa Mkunazini: Assalaam alaykum. Katiba yetu ya Zanzibar inataka viti maalum vya wanawake, vile wanavyoingia bila kugombea jimbo, katika Baraza la Wawakilishi viwe asilimia 40 ya idadi ya majimbo. Skuli nilisomeshwa hoja ya mtaalamu wa siasa Anne Phillips: haitoshi fikra za watu kuwakilishwa, watu wenyewe nao wawemo ndani. Mimi naikubali. Ninalouliza ni hili: viti hivi vinawatoa wanawake kwenda kugombea majimbo, au vinawaweka chumba cha uani majimbo yakabaki ya wanaume?

Ami wa Chake: Vifutwe. Mambo haya yalitoka kwenye mkutano wa wanawake wa Beijing 1995, wazungu wametuletea. Bibi zetu hawakujishughulisha na siasa na nyumba zao zilisimama.

Binti Wete: Ami, heshima yako, lakini Beijing ni China, si kwa wazungu. Na Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Mama Gertrude Mongella, Mtanzania. Halafu bibi zangu waache. Bibi mzaa mama alipanga foleni ya kura na buibui lake, mtoto mgongoni.

Ami wa Chake: Kura ipi? Uchaguzi wa 1957 walipiga wanaume watupu. Babangu alinihadithia mwenyewe.

Binti Wete: Nani kasema 1957? Nasema 1961!

Mzee wa Malindi: Wanangu, nyote mmesema kweli. 1957 wanaume tu, tena wenye masharti. Wanawake waliingia Januari 1961, nami nilikuwa mtoto nikimfuata mama. Vyama vilihangaika kuwatoa kina mama majumbani, kila kura ilikuwa dhahabu: chama cha ASP kilipata viti 10, ZNP 9, na ZPPP, kilichokuwa na nguvu Pemba, 3. Hakuna chama kilichopata zaidi ya nusu, ikabidi turudie uchaguzi Juni.

Kijana Mkoani: Hapo ndipo mlipoanza kutulaumu Wapemba, kwa sababu ya vile vitatu vya ZPPP!

Mzee wa Malindi: Mwanangu, nani kakulaumu? Nimetaja hesabu.

Kijana Mkoani: Hesabu hiyo tunaisikia tangu tuko wadogo. Kila mjadala unaishia Pemba.

Ami wa Chake: Hapo kijana kasema kweli. Mie mwenyewe Mpemba, naelewa.

Msomi wa Mkunazini: Jamani, nimeuliza viti maalum.

Bi Kusini: Nakujibu mie. Samia Suluhu Hassan aliingia Barazani 2000 kwa viti maalum. 2010 akaenda kugombea ubunge jimbo la Makunduchi akashinda. 2021 akawa Rais. Bila ule mlango wa kwanza tungemjua wapi?

Ami wa Chake: Huyo mmoja. Nipe wa pili. Na ni Rais wa Muungano, hapa tunasema Zanzibar. Tangu 1964 hatujapata Rais mwanamke wa Zanzibar.

Bi Kusini: Basi si ndiyo hoja yangu hiyo, Ami? Nafasi ya juu haijafunguka, nawe unataka ufunge na mlango mdogo!

Ami wa Chake: Usinikaripie. Nina mabinti wanne, nimewasomesha wote.

Binti Wete: Umewasomesha, ahsante. Mmoja wao akitaka kugombea jimbo utamwambiaje?

Ami wa Chake: Atamuuliza mumewe.

Binti Wete: Haya ndiyo niliyokuwa nayasubiri. Mamangu alikwenda kuchukua fomu ya jimbo. Alikuwa amezunguka shehia tatu, kina mama wa vikoba wote wanamjua. Kitu cha kwanza alichoulizwa na wakubwa wa chama, chama sikitaji, ni: “Mume karidhia?” Wanaume wawili waliochukua fomu siku ile hawakuulizwa wake zao. Akashauriwa asubiri viti maalum, huko ndiko kwa wanawake. Bado anasubiri. Kwa hiyo Msomi, swali lako la chumba cha uani ni la kweli, lakini usimwambie mamangu kwamba hata chumba hicho kifungwe. Kwanza waambiwe waliokaa ukumbini wasogee.

Mzee wa Malindi: Mama yako ni wa jimbo gani, mwanangu?

Kijana Mkoani: Pemba, bila shaka. Ndiyo maana hawakumpa.