Fundi kafungua geini mpaka mwisho, sabufa imeungua, halafu eti spika feki!!

Wakuu nina hasira hapa hata kuandika siwezi vizuri. Sabufa ya wati 500 omu 2, mpya kabisa, haijamaliza hata wiki mbili, jana besi ikaanza kukwaruza na harufu ya kuungua ikajaa gari zima. Leo nimeitoa kwenye boksi, ukibonyeza koni unaisikia inasugua, koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) imekuwa nyeusi tii. Namrudishia fundi ananiambia spika feki. Feki wapi? Nikainama mwenyewe kuangalia amplifaya, geini iko mwisho, besi busti (ile ya kuongeza besi) nayo mwisho, desibeli 12!!

Jamani geini SIO volyumu. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio, basi. Redio yangu inatoa volti 4 kwenye RCA (waya za sauti zinazoenda kwenye amplifaya), yeye geini kaiweka pale mwisho, pa redio ya volti 0.2, kwa hiyo nikipandisha volyumu kidogo tu amplifaya imeshafika kikomo, vilele vya wimbi vinakatwa vinakuwa bapa, na wimbi bapa linaweza kubeba karibu mara mbili ya nguvu ya wimbi safi. Na hizo desibeli 12 za busti ni kudai nguvu kama mara 16 kwenye masafa yale ya chini. Koili gani itavumilia?

Na kinachoniuma zaidi, kazi yenyewe ni ya dakika kumi na multimita ya kawaida. Unachomoa spika, unazima busti, ikwalaiza unaiweka flati, geini chini kabisa, redio robo tatu ya volyumu, unapiga toni ya hezi 50 iliyorekodiwa desibeli 0, unapima volti za AC pale zinapoingia waya za spika huku unapandisha geini taratibu. Volti za kufikia unazipata hivi: wati mara omu, halafu kipeuo cha pili. Yangu 500 mara 2 ni 1000, kipeuo chake 31.6. Ikifika volti 31.6 unaacha, hugusi tena!

Yeye alipiga wimbo mmoja, akazungusha bisibisi mpaka vioo vikatetemeka, akasema "hapo sasa imekaa". Kwa sikio! Besi ikikatwa sikio halikwambii mapema, unakuja kuambiwa na moshi.

Kesho narudi kwake na multimita yangu mkononi, apime mbele yangu, na sabufa anilipe. Mwenye uzoefu wa kubadilisha koili na koni aniambie, inarudi kama mwanzo au ndio basi tena?