Ushauri: nafundisha wakulima kuhusu sumukuvu, nitumie projekta au vijitabu?

Kijana wa Mazao: Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya kufundisha wakulima 40 huku Kongwa, siku mbili, kuhusu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwenye mahindi na karanga. Slaidi 86 ziko tayari, vijitabu 40 vimeshachapwa. Wazoefu naomba mnisaidie: kwa watu wazima kipi kinakaa kichwani, projekta au kijitabu? Usingizi umenipaa.

Mama Lishe Kibaigwa: Wape posho. Mimi semina isiyo na posho siendi, jiko nimwachie nani?

Mzee wa Redio: Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi. Jioni watu wanakaa chini ya mwembe, redio moja ya betri. Kipindi kikiisha, anayejua kusoma anawasomea wenzake kijitabu, wanajadiliana, kisha wanakubaliana la kufanya. Kikundi chetu kilikubaliana vyoo. Asubuhi yake majembe yalikuwa kazini, mimi mtoto nawapelekea maji ya kunywa. Choo kile nilikitumia mpaka naoa.

Bwana Shamba Mstaafu: Mzee, shikamoo. Kijana, hao 40 wanasoma?

Kijana wa Mazao: Ni watu wazima mkuu, wanaelewa vizuri tu.

Bwana Shamba Mstaafu: Sijauliza kama wanaelewa. Wanasoma?

Kijana wa Mazao: Sawa, niseme. Siku ya kwanza imepita leo. Kwenye karatasi ya mahudhurio 17 waliweka dole gumba. Baada ya chai ya saa nne walirudi 11. Lakini jamani, ukumbi nimelipia, jenereta nimekodi, na walionituma wanataka picha za watu wakitazama slaidi. Wiki tatu nimeziandaa, nizitupe?

Mwalimu wa Ngumbaru: Nimefundisha kisomo miaka sita. Mtu mzima hakimbizwi na ugumu wa somo, anakimbizwa na aibu. Umempa kitabu asichoweza kukisoma, mkwewe kaketi pembeni, unategemea arudi?

Mtani wa Wagogo: Kongwa hiyohiyo Waingereza walileta matrekta ya mpango wa karanga 1947, kufika 1951 wamefunga virago. Nani aliwauliza wenyeji habari za mvua?

Mchunguzi: Hii chai. Kajiunga juzi, kauliza projekta, ghafla watu wametoroka. Kesho ataomba mchango wa jenereta.

Mama Lishe Kibaigwa: Nami nilianza kuhisi hivyo.

Kijana wa Mazao: Siombi hata shilingi. Mchunguzi, kuna mama alikaa nyuma na mtoto mgongoni. Slaidi ya 31 ina picha ya gunzi lenye ukungu wa kijani. Akauliza: "Hayo ya ukutani ni ya wapi? Yangu meupe, hayana kitu, nayo yana sumu?" Nikamwambia tutafika huko. Hatukufika. Chai ilipoisha hakurudi. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mchunguzi: Nisamehe ndugu. Hilo hulitungi.

Bwana Shamba Mstaafu: Sasa umenipa kitu. Swali lake ndilo somo lote. Sumukuvu inaweza kuwemo na ukungu usiuone, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, wamo wanaokumbuka misiba hiyo. Waache waisimulie wao. Kisha kila mtu aje na mahindi ya ghalani kwake, kopo moja. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kama robo, chumvi vijiko viwili, funika, tikisa, iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayo bado mabichi, yarudi juani, tena juu ya turubai, si kwenye udongo. Chupa ashike mkulima, wewe kaa pembeni.

Mwalimu wa Ngumbaru: Na aanze yule mama.

Kijana wa Mazao: Nimempigia mwenyekiti wa kijiji, anampelekea taarifa usiku huu. Projekta nitaibeba bado, nitaiwasha mwishoni dakika kumi kwa ajili ya picha. Msinigombeze kwa hilo.

Mzee wa Redio: Ukumbi wa nini? Tokeni nje.

Kijana wa Mazao: Kuna mkwaju mbele ya ofisi ya kijiji, tutakaa hapo. Bwana Shamba, chumvi ya hapa dukani ina unyevunyevu, itafaa?

Bwana Shamba Mstaafu: Haifai, itakudanganya. Ianike kwanza mpaka iachane chembechembe.