Naomba ushauri: pedali ya breki bado laini baada ya kutoa upepo

Wakuu, habari zenu. Gari langu nalitengeneza mwenyewe, na raha yake ni kubwa: kila nati naijua, nikisikia mlio mpya najua pa kuanzia. Lakini breki zimenishinda. Nimefunga masta silinda mpya (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali), nikajaza mafuta ya breki aina ya DOT 4, nikatoa upepo ulionasa kwenye mabomba ya breki, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Hapavuji popote, viputo vimekwisha, ila pedali inazama, nikiipampu inapanda. Inaumiza kweli, jioni nzima chini ya gari na vidole vimechubuka. Gari lina ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Je, upepo unaweza kuwa umenasa humo? Au masta silinda ilipaswa kutolewa upepo kabla ya kufungwa? Barabarani silitoi kwanza.