Prado imelala nyuma, fundi kafunga sensa na mpira wa tyubu. Nisafiri nayo?

Kandambili_Mza:
Wakuu salaam. Naombeni ushauri wa haraka, hasa wenye Prado za upepo nyuma, zile zinazokalia mabegi ya upepo badala ya springi.

Nina Prado 120 ya mwaka 2004. Wiki iliyopita nimeamka nikaikuta imelala nyuma kulia kama kuku anayeatamia. Nikiwasha nasikia "pssss" halafu kimya, kompresa, ile pampu ya kujaza upepo, wala haishughuliki. Fundi wangu hapa Nyakato akaingia uvunguni, akatoka ameshika kifimbo kilichokatika, kile kinachounganisha ekseli na mkono wa sensa inayopima urefu wa gari. Akausukuma ule mkono juu kwa kidole, kompresa ikaanza kunguruma, gari likapanda taratibu. Lilipofika usawa akaushusha mkono hadi katikati, akaufunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku ya tatu leo linatembea.

Jumamosi nina safari ya Musoma, watu wanne na mizigo. Huo mpira utafika?

Babu Sato:
Ng'wanawane, pole. Mimi nilikuwa na Peugeot 504, ile stesheni wagoni, nyuma ina springi nne. Nne! Nimebeba harusi nzima kutoka Magu, na ng'ombe mmoja ambaye hakualikwa. Hakuna sensa, hakuna pssss. Nyie mnanunua gari linalofikiria kuliko dereva.

FundiUmeme_Igoma:
Mkuu, fundi wako si mjinga, ila elewa alichokifanya. Kifimbo kikikatika, mkono unaning'inia chini. Kompyuta inaona mkono uko chini, inaamini gari limenyanyuka mno, basi inatoa upepo. Hiyo ndiyo pssss yako. Ukiufunga katikati, kompyuta inaambiwa "tuko sawa" saa zote. Pakia watu, haitaongeza. Begi likivuja, haitajua. Taa ya deshibodi haitawaka, gari litashuka kimyakimya.

Na kitu wengi wanasahau: kwenye gari ambazo taa kubwa zinajishusha zenyewe ukipakia, sensa ya nyuma ndiyo inayozipa habari. Ukishaifunga, usiku unawamulika wenzako machoni mpaka Bunda.

Bint Kirumba:
Kifimbo hakikatiki hivihivi. Ulibeba nini?

Kandambili_Mza:
@Bint Kirumba mizigo ya kawaida tu ya nyumbani. Kutu, nadhani. Gari ni la siku nyingi.
@FundiUmeme shukrani mkuu. Sasa Jumamosi naenda au siendi?

Bint Kirumba:
"Ya kawaida ya nyumbani." Mtu wa Mwanza akisema hivyo, mimi nanusa buti.

Mama Wawili:
Kaka yangu, abiria wanne unawapandisha kwenye mpira wa tyubu? Marehemu shemeji yangu alifunga breki kwa waya akisema "mpaka kesho tu". Uhai hauuzwi dukani.

Mchunguzi77:
Mtoa mada, nani hao wanne? Na mbona unaongea kama mtu anayeficha risiti?

Kandambili_Mza:
Haya wakuu, naona hamtaniacha. Gari ni la baba mkwe. Aliniachia mwezi uliopita alipopanda ndege kwenda Dar kutibiwa, akasema "uwe unaliwasha tu, betri isife". Jumamosi natakiwa nikampokee uwanja wa ndege nimpeleke kwake Musoma, yeye, mama na binamu yake.

Na ndiyo, nilibeba dagaa. Safari mbili tu. Gunia 14 kila safari, kutoka Sengerema hadi Mwaloni, soko la samaki. Biashara ilikuwa nzuri, msinihukumu, ada za shule zinajulikana. Safari ya pili, kwenye kupanda kivuko, nyuma ilikwangua ule mlango wa chuma na nikasikia "ta!". Nadhani ni pale.

Bint Kirumba:
Nilisema mimi!!

Mchunguzi77:
CHAI. Chai ya tangawizi kabisa. Kivuko gani mwezi uliopita? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za lami, watu wanavuka kwa dakika chache. Na Prado ipi inabeba gunia 14? Wakuu, huyu anatunga, kesho atakuja na uzi wa "mkwe kanifukuza, nifanyeje".

Ras Nyegezi:
Uzi bila picha ni chai, hilo halina mjadala.

Mama Wawili:
Kumbe natokwa machozi bure?

Kandambili_Mza:
@Mchunguzi77 nimesema Kigongo wapi? Nilipita KAMANGA. Kivuko cha Kamanga kinakushusha mjini hapohapo. Gunia ni zile ndogo, viti vya nyuma nimevilaza, nne ziko juu ya keria.

Mchunguzi77:
Na kwa nini upande kivuko na mzigo wakati lami ipo?

Kandambili_Mza:
Kwa sababu darajani ningetokea Usagara, na shangazi yake mke wangu ana duka pale barabarani. Analijua hilo gari kwa namba.

Ras Nyegezi:
Hahaha, basi siyo chai. Kisa cha namna hii hakitungwi, mtu anakiishi.

Mchunguzi77:
Nimenyamaza. Lakini picha iletwe.

Babu Sato:
Gunia 28. Uliuzaje?

FundiUmeme_Igoma:
Turudi kwenye gari. Kutengeneza kifimbo ni kazi ya saa moja, siyo ya kulia. Kichukue kile cha kushoto kipime urefu, toka katikati ya kitobo hadi katikati ya kitobo. Tumia chuma chembamba chenye nati pande mbili ili uweze kurefusha na kufupisha. Spoku ya baiskeli nimeiona ikitumika, ila inapinda. Kosea sentimita moja tu, gari litakaa upande.

Kabla ya hapo pima sensa yenyewe. Waya tatu: mmoja volti 5, mmoja ethi, mmoja wa ujumbe. Swichi ikiwa on, weka mita kwenye wa ujumbe, nyanyua mkono polepole. Namba ibadilike taratibu upande mmoja, kama mtu anayepanda au kushuka ngazi. Ikiruka au kupotea, ndani kumelika, hata ukitengeneza kifimbo cha dhahabu. Mwisho, povu la sabuni kwenye mabegi yote mawili, uone kama yanapumua.

Kandambili_Mza:
Asante sana mkuu. Ila... fundi alishauri tuondoe upepo wote tuweke springi. Nishampa laki na nusu ya utangulizi, jana. Yeye anasema wazee wengi wanabadilisha na wanafurahi. Mkwe wangu hainami, hatajua. Na kwa kweli ni kumsaidia, springi hazisumbui.

FundiUmeme_Igoma:
Springi si dhambi. Zinawekwa mbili kwa pamoja, na vikombe vyake vya kukalia, na kompresa inazimwa ili isijichoshe bure. Lakini hilo ni la mwenye gari kuamua. Na akibonyeza swichi ya kupandisha gari pale uwanjani, mbele ya binamu, lisipande? Mpigie fundi sasa hivi asikate kitu.

Mama Wawili:
Mpigie na mkwe.

Kandambili_Mza:
Fundi hapokei. Naenda na boda.

Bint Kirumba:
Tuko hapa. Na buti uliliosha na nini? Maana siki inasaidia, dagaa hatoki kwa sabuni.

Kandambili_Mza:
Nimefika. Begi la kushoto ameshalikata. Lile zima. Anasema alianza na la kushoto kwa sababu ndilo lilikuwa upande wa kivuli.

[picha: begi jeusi limechanwa, juu ya gunia tupu]

Mchunguzi77:
Picha imekubalika. Pole, mkuu.

Ras Nyegezi:
Hilo gunia chini bado lina magamba.

Babu Sato:
Mtoa mada hujanijibu. Uliuzaje gunia?